Mlo wa Gizani na Wanaouongoza

Katika mji wa Zürich, nchini Uswisi, upo mkahawa ambao mlango wake wa ndani ukishafungwa, mwenye macho mazima na asiye na macho huwa hali moja, isipokuwa kwa jambo moja tu: asiyeona ndiye anayeijua njia. Mkahawa huo unaitwa Blinde Kuh, jina la mchezo wa watoto wa Kijerumani ambao mmoja hufungwa kitambaa usoni, kisha akawatafuta wenzake kwa kupapasa. Ulifunguliwa Septemba 1999. Ukumbi wake hauna taa, hauna dirisha la kupenyeza mwanga, hauna hata mshumaa. Wageni hula pasipo kuiona sahani, wala mikono yao wenyewe, wala uso wa waliyekuja naye.

Habari ya watu kulipa fedha ili wale gizani huenda ikamchekesha msomaji wetu ambaye umeme umemkatikia mara nyingi wali ukiwa tayari mezani. Kwake giza si anasa. Ni kutafuta kibatari, kuwaonya watoto wasiguse chungu cha moto, na kumaliza chakula upesi kabla mafuta hayajaisha. Hata hivyo tumeona ni vyema kuizungumza habari hii katika kurasa za familia, kwa sababu ndani yake limo swali linaloihusu kila nyumba yenye mzee aliyepungukiwa na nuru ya macho, au mtoto aliyezaliwa bila kuona. Nani anakula na nani? Na nani anamwongoza nani?

Wazo lilikotoka

Mwanzilishi wa Blinde Kuh, Spielmann, ni mchungaji wa Kikristo asiyeona. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wageni waliokuwa wakialikwa nyumbani kwake walijifunga vitambaa machoni wakati wa kula, ili wawe hali moja na mwenyeji wao. Baada ya mlo walieleza jambo ambalo hawakulitarajia. Ladha na harufu za chakula ziliwadhihirikia zaidi, na mazungumzo waliyafuata kwa makini kuliko kawaida yao. Spielmann na wenzake wasioona wakaanzisha taasisi, nayo taasisi ikafungua mkahawa kwa makusudio mawili: kuwafahamisha wenye kuona japo kidogo kuhusu maisha ya wasioona, na kuwapatia wasioona ajira. Mwaka 2005 mkahawa wa pili ulifunguliwa katika mji wa Basel.

Kabla ya hapo, mwaka 1988, Mjerumani aitwaye Andreas Heinecke alikuwa ameanzisha mjini Frankfurt maonesho ya gizani. Heinecke alifanya kazi katika kituo cha redio, na huko alipewa jukumu la kumwandaa kazini kijana aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari. Kukaa kwake na kijana yule kulimfundisha kwamba huruma aliyokuja nayo haikuwa na mahali pa kukaa, kwa kuwa mwenziwe alikuwa mtu kamili mwenye akili, mzaha na matumaini. Akabuni maonesho ambayo wageni hupita katika vyumba vyenye giza totoro vilivyopangwa mfano wa bustani, barabara na soko, wakiongozwa na wasioona. Maonesho hayo yameenea katika nchi nyingi. Baadaye, mwaka 2004, mji wa Paris ukapata mkahawa wake wa gizani uitwao Dans le Noir?, na London ikafuata mwaka 2006.

Msomaji atazame vizuri mwanzo wa mambo haya. Jambo lililowasukuma waanzilishi lilikuwa mtu mmoja asiyeona na wenzake walioketi naye karibu. Mapishi na biashara vilifuata baadaye.

Yanayojiri ndani ya ukumbi

Mgeni wa mkahawa wa namna hii haingii moja kwa moja. Kwanza hukaa penye mwanga, akachagua aina ya mlo, akaeleza vyakula asivyokula na vile vinavyomdhuru mwilini. Kisha huweka simu, saa yenye kung'aa, kiberiti na kila chenye kutoa nuru katika kabati lenye kufuli. Ndipo anapokuja mhudumu, ambaye mwenyewe haoni, na kumwambia aweke mkono juu ya bega lake. Wageni hujipanga mmoja nyuma ya mwingine, kila mkono begani kwa aliye mbele, na msafara huo mfupi hupita kwenye mapazia mazito hadi gizani.

Wengi hudhani kwamba baada ya dakika chache macho yatazoea. Hayazoei. Usiku wa kawaida, hata usio na mwezi, una mwanga kidogo wa nyota au wa taa za mbali, na jicho la mwanadamu limejaaliwa chembe maalumu za kuupokea mwanga hafifu. Chembe hizo huchukua takriban nusu saa kufikia ukali wake wote. Lakini pasipo mwanga wowote hazina cha kupokea. Mtu akikaa humo saa mbili nzima, dakika ya mwisho ataona kama alivyoona dakika ya kwanza, yaani hataona kitu.

Hapo mgeni huanza kujifunza upya mambo aliyoyamaliza utotoni. Akitaka kumimina maji, huweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa gilasi, na maji yakigusa kidole huacha kumimina. Uma hufika kinywani ukiwa mtupu mara mbili, mara tatu, hata mwenyewe akauweka kando na kutumia vidole. Sauti za wageni hupanda, kwa kuwa msemaji hajui msikilizaji yuko umbali gani. Wapo wanaoshikwa na hofu, wakaomba kutolewa nje kabla chakula hakijaletwa.

Wakati huo wote mhudumu hupita kati ya meza bila kugonga kiti. Humwambia mgeni kwa utulivu kwamba amesimama kuliani kwake na kwamba sahani inakuja kwa upande ule. Mgeni anayetaka kwenda msalani humwita mhudumu kwa jina na kumngoja, maana peke yake hawezi kuupata mlango. Mtu ambaye mchana ule huenda alimpita asiyeona barabarani bila kumsalimu, sasa anakaa akisikiliza nyayo zake na kufurahi zinapokaribia.

Jicho linavyouhukumu mlo

Je, ulimi hupata nguvu mpya gizani? Hapana. Ulimi ni ule ule, wenye kutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama ambayo mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908 na kuiita umami. Kinachobadilika ni kwamba jicho halipo tena kutoa hukumu kabla ulimi haujasema.

Hukumu ya jicho ni nzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ambayo watu walionjeshwa vinywaji vyenye ladha ya matunda vilivyotiwa rangi isiyokuwa yake. Baadhi ya waliopewa kinywaji cha ladha ya cheri chenye rangi ya chungwa walisema wanaonja chungwa. Rangi iliwatangulia, ulimi ukafuata. Mzazi anayemnunulia mtoto kinywaji chekundu cha chupa na kukiamini kuwa cha matunda kwa wekundu wake afikiri juu ya jambo hilo.

Sikio nalo lina fungu lake. Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza jaribio la vipande vya viazi vya kukaanga. Walaji waliisikia sauti ya utafunaji wao kupitia vifaa vya masikioni, na watafiti wakawa wanaibadilisha sauti hiyo pasi na walaji kujua. Sauti ilipoongezwa, walaji walivisifu vipande kuwa vikavu na vipya zaidi, ingawa vilikuwa vya aina ile ile. Hata mama zetu wa jikoni wanalifahamu jambo hili bila maabara, maana anayekaanga mihogo huusikiliza mlio wa mafuta kabla hajakitia kijiko.

Ama pua, hiyo ndiyo msaidizi mkubwa kuliko wote. Harufu ya chakula hutoka kinywani na kupandia nyuma ya koo hadi puani, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu hiyo. Ndiyo maana mwenye mafua makali huiona pilau kuwa chumvi na mafuta tu. Iliki, mdalasini na bizari nzima havimfikii.

Kwa hiyo mlaji wa gizani hapewi ulimi mpya. Anapewa nafasi ya kuzingatia kile alichokuwa akikipita haraka. Wala mazingatio hayo hayamfanyi kuwa hodari papo hapo. Wageni wengi wakitoka na kuoneshwa majina ya walivyokula, hukuta wamekosea. Nyama waliyodhani ni ya ng'ombe haikuwa ya ng'ombe, na mboga waliyoisifu ni ile wanayoikataa nyumbani.

Mkono na sinia

Mgeni wa Ulaya anapouacha uma na kula kwa vidole gizani hujiona amevunja mila aliyofunzwa tangu utoto. Sisi ndiko tulikoanzia. Mkono huupima moto wa ugali kabla kinywa hakijaungua. Huuhisi mwiba wa samaki kabla haujafika kooni. Hutambua wali ulioiva na uliobaki kiini. Mkono umekuwa ukitusaidia hivyo miaka yote, ila tulikuwa na macho, tukayapa macho sifa peke yake.

Katika mafunzo ya Mtume wetu Muhammad (SAW) limo tukio la mtoto Umar bin Abi Salama (RA), aliyelelewa nyumbani kwake, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya chombo cha chakula. Mtume (SAW) akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Mambo hayo matatu tunawafundisha watoto wetu hadi leo, na tukiyatazama tutaona kwamba hakuna hata moja linalohitaji macho. Kwenye sinia la pilau lililozungukwa na watu wanne gizani, kula kilicho karibu nawe huwa ni adabu na huwa pia ni mpaka. Mikono haigongani, na asiyeona huwa na uhakika kwamba fungu lake halitachukuliwa na mwenye kuona.

Taa iliyozimwa Madina

Hadithi nyingine mashuhuri inahusu mlo ulioliwa gizani kwa makusudi. Mtu mmoja mwenye njaa alimfikia Mtume (SAW). Ilipodhihirika kuwa nyumbani kwa wakeze hamna ila maji, Mtume (SAW) akauliza nani atamkaribisha mgeni huyo. Mmoja wa Maanswari akamchukua. Mkewe akamweleza kwamba chakula kilichopo ni cha watoto tu. Basi wakawalaza watoto, wakaweka chakula, kisha mwanamke akainuka kana kwamba anaitengeneza taa, akaizima. Wakaketi na mgeni wao gizani, wakijifanya wanakula, hadi akashiba. Wao wakalala na njaa. Asubuhi Mtume (SAW) akawapa habari ya radhi za Mwenyezi Mungu juu ya walichokifanya usiku ule, na kuhusiana nao ikateremka aya ya 9 ya Suratul Hashr, inayowasifu wanaowatanguliza wengine ilhali wao wenyewe wanahitaji.

Tumeukumbuka mlo ule kwa sababu unatupa kipimo. Katika mikahawa ya leo taa huzimwa ili mlaji apate hisia mpya. Katika nyumba ile ya Madina ilizimwa ili kumsitiri mgeni asione aibu. Hatusemi kwamba la kwanza ni baya. Tunachosema ni kwamba giza la mlo hupata thamani yake kutokana na nia ya aliyeizima taa, na kwamba mlo wa gizani unaostahili kuigwa majumbani ni ule unaomwinua mwingine.

Nafasi ya asiyeona katika chakula chetu

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Katika familia nyingi asiyeona hali pamoja na wenzake. Huwekewa sahani yake pembeni, mara nyingi mapema kuliko wengine, tena kwa nia njema kabisa, ili asimwage, asiaibike, asitie mkono mahali pasipofaa mbele ya wageni. Siku ya harusi au ya khitma huachwa chumbani, akapelekewa chakula humo. Anashiba, lakini halisikii gumzo, haulizwi rai yake, na hakuna anayemwambia kwamba leo mchuzi umekolea. Bibi aliyewafundisha nyumba nzima kupika pilau sasa anaisikia harufu yake kupitia mlangoni.

Qur'ani imeligusa jambo hili waziwazi. Aya ya 61 ya Suratun Nur inaanza kwa kuwataja kipofu, kiwete na mgonjwa, kisha ikataja kula majumbani, na kwamba hapana ubaya watu wakila pamoja au mbalimbali. Miongoni mwa maelezo ya wafasiri ni kwamba wako watu waliokuwa wakiona tabu kula na asiyeona, kwa kuwa yeye hakioni kipande kizuri kilipo, wakahofia kumdhulumu. Wengine waliona kinyaa tu. Aya ikaliondoa zito hilo. Tabu waliyoiona wale wa kwanza ilitokana na uchaji, lakini hata hivyo haikuachwa iwe ukuta kati ya watu na sinia moja.

Tena tumkumbuke Abdullah bin Ummi Maktum (RA), Swahaba asiyeona ambaye kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Surat Abasa. Mtume (SAW) alimwachia usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja alipokuwa safarini. Alikuwa pia mwadhini pamoja na Bilal (RA). Katika Ramadhani, adhana ya Bilal ilitoka ungali usiku, na watu walielekezwa waendelee kula na kunywa mpaka waisikie ya Ibn Ummi Maktum. Wapokezi wa hadithi wanaeleza kwamba hakuadhini mpaka aambiwe kuwa alfajiri imeingia. Wenye macho walimpa habari ya mapambazuko, naye kwa sauti yake akawajulisha kwamba wakati wa daku umekwisha. Mji mzima wa wenye kuona uliinua mikono kutoka kwenye chakula kwa kumsikia asiyeona, na hakuna aliyeona ajabu.

Giza lisichokifundisha

Ni lazima tuseme pia kwamba saa mbili za giza hazimfanyi mtu ajue upofu ni nini. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Arielle Silverman, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, pamoja na wenzake. Waligundua kwamba watu waliofungwa macho na kupewa kazi za kufanya, baadaye waliwahesabu wasioona kuwa hawawezi kazi wala maisha ya kujitegemea, kuliko walivyowahesabu wale ambao hawakufungwa. Sababu yake inaeleweka. Aliyefungwa macho hukutana na siku ya kwanza tu ya upofu, siku ya kujikwaa na kuhangaika. Hakutani na mwaka wa kumi, ambapo mtu amejifunza kuzisoma sauti za chumba, kuhesabu hatua na kuitumia fimbo yake. Akiuvua utambaa hutoka na huruma, na huruma ya namna hiyo ndiyo inayomfungia mtoto asiyeona nyumbani asiende shule.

Mkahawa wa gizani una nafuu moja mbele ya jaribio hilo. Humo mgeni hakai peke yake na udhaifu wake. Anamwona, kwa namna ya kusema, mtu wa mwaka wa kumi akifanya kazi. Mhudumu anabeba sahani, anakumbuka nani yuko kiti gani, anamtuliza mwenye hofu, na mwisho wa mwezi anapokea mshahara kwa ujuzi ambao wengine hawana. Anayetoka humo akisema jinsi wahudumu wale walivyo hodari amepata faida. Anayetoka akisema maskini wale, hajapata kitu zaidi ya chakula.

Tahadhari kwa familia ya Kiislamu

Wapo wasomaji wetu walioko Ulaya, na wengine husafiri huko kwa masomo au biashara. Mwenye kutaka kuijaribu mikahawa hii azingatie mambo machache. Baadhi yake humletea mgeni chakula bila kumwambia ni nini, na hiyo ndiyo raha yao. Muislamu hawezi kuikubali raha hiyo bila masharti, kwa kuwa nyama isiyo halali haigeuki halali kwa sababu hakuiona. Aulize kabla ya kuingia, akiwa penye mwanga, kuhusu nyama, mafuta na viungo, na aombe mlo wa samaki au wa mboga. Ajue pia kwamba pombe huuzwa katika nyingi ya sehemu hizo, na huweza kutiwa katika mchuzi. Vilevile watu wasiojuana huweza kuketishwa bega kwa bega gizani. Familia iombe meza yake yenyewe, na kama haipatikani iache.

Kuujaribu mlo huu nyumbani

Lakini hakuna haja ya safari. Nyumba yoyote inaweza kuandaa mlo wa gizani jioni moja, na ikapata humo zaidi ya anachopata mgeni wa Paris, mradi ifuate mambo haya.

Kwanza, kama nyumbani au jirani yuko asiyeona, aombwe yeye ndiye aongoze, kama mwenyewe ameridhia. Yeye awaketishe watu, awaelekeze kilipo kila kitu, na awafundishe jinsi anavyomimina maji. Jambo hili lisigeuzwe kichekesho juu yake, na watoto waambiwe hivyo mapema.

Pili, chakula kiwe cha salama. Kisiwe na miiba, kisiwe na mchuzi wa moto, na visu viondolewe. Viazi, chapati, maharage yaliyopoa, ndizi mbivu na embe vinatosha. Mishumaa na vibatari vizimwe kabisa, visiachwe chini ya meza. Taa ndogo za chaji na za redio zifunikwe, kwani gizani hata nukta moja ya mwanga huyavuta macho yote.

Tatu, katikati ya mlo watu wakae kimya kwa muda mfupi na kusikiliza, kisha kila mmoja aseme amekula nini. Baada ya taa kuwashwa, aulizwe aliyeongoza: ni jambo gani tunalolifanya mezani kila siku linalokutaabisha, nasi hatujui? Jibu la swali hilo ndilo tunu ya jioni nzima.

Yatakayobaki baada ya jioni hiyo yawe mazoea. Mwenye kumwandalia asiyeona amtajie kilichomo sahanini na mahali kilipo. Njia inayotumiwa na wengi ni kuichukulia sahani kuwa uso wa saa. Hapa Waswahili tuwe waangalifu, maana mshale wa saa ukielekea tarakimu 12 sisi husema saa sita. Familia ipatane mapema kama itafuata tarakimu zilizoandikwa au saa tunazozitamka. Ikishapatana kufuata tarakimu, basi ugali uko chini penye 6, mchicha kushoto penye 9, na samaki kulia penye 3. Gilasi isihamishwe bila kumwambia mwenyewe. Anayeondoka mezani aage, ili mwenziwe asibaki akizungumza na kiti kitupu.

Kwa mzee ambaye macho yamefifia lakini hayajazimika, hata rangi ya chombo ina maana. Wali mweupe katika sahani nyeupe humpotea, na katika sahani ya rangi nzito huuona. Na kabla ya kumzoea kuwa asiyeona, apelekwe kwa daktari wa macho. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Wengi wao wanahitaji miwani tu, au wana mtoto wa jicho, maradhi ambayo huondolewa kwa upasuaji mfupi na lenzi bandia ikawekwa mahali pake. Huenda bibi anayelishwa chumbani ni mmoja wao.

Iwe nuru yake itarejea au haitarejea, mahali pake ni kwenye sinia pamoja na wanawe na wajukuu. Leo jioni, kabla ya kunawa mikono, mmoja wa watoto atumwe chumbani. Asipeleke sahani. Aende akampe bega, bibi aweke mkono wake hapo, waje pamoja.